Candy Cummings na mpira uliopinda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa msomaji anayefuatilia michezo lakini hakuzaliwa penye besiboli. Mrushaji ndiye anayeanzisha kila tendo la mchezo kwa kumrushia mpira mpigaji. Mpigaji husimama na gongo la mbao. Mdakaji hukaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira iliyompita. Mikimbio, yaani mizunguko kamili ya besi (vituo vinne vya uwanjani), ndiyo inayohesabiwa kwenye ubao, na mechi kamili ina iningi 9, kila iningi ikiwa na zamu ya kupiga kwa kila timu. Mpira uliorushwa kwa msokoto ukakata kona hewani tutauita mpindo.

Candy Cummings ni nani?

Ni William Arthur Cummings, aliyezaliwa tarehe 18 Oktoba 1848 mjini Ware, jimbo la Massachusetts, Marekani. Familia yake ilihamia Brooklyn akiwa bado mtoto mdogo, na huko ndiko alikojifunza mchezo. Alirusha kwa mkono wa kulia. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 175 na uzito kama kilo 54, mwembamba hata kwa vipimo vya enzi zile. Jina la Candy alipewa na mashabiki, kwa mtindo wa mitaani wa wakati ule wa kumsifu mtu aliyewazidi wenzake.

Alicheza besiboli ya kulipwa katika ligi kuu za nchi kuanzia 1872 hadi 1877. Misimu sita, basi. Alipoacha alikuwa hajafikisha miaka 29.

Misimu sita tu! Kwa nini akumbukwe?

Kwa sababu ya mtupo mmoja. Kabla yake warushaji walishindana kwa kasi, kwa kulenga, na kwa kumchanganya mpigaji kwa kubadili mwendo wa mpira. Cummings aliongeza kitu cha nne, yaani mpira kutoka kwenye mstari wake ukiwa njiani. Aliufanya kwa makusudi, mechi baada ya mechi, mbele ya watazamaji, na akaujengea kazi yake yote. Warushaji wote wanaopindisha mpira leo wanafanya kazi aliyoianza yeye, au angalau aliyothibitisha kwamba mtu anaweza kujipatia mkate wake kwayo.

Mechi 145 alizoshinda akiwa mrushaji si kidogo, lakini si hesabu hiyo iliyombakisha kwenye historia. Anayemwendea Cummings kupitia jedwali la takwimu peke yake atatoka akishangaa sababu ya makelele yote haya.

Wazo la mpindo lilimjia vipi?

Maelezo tuliyo nayo ni yake mwenyewe, aliyoyachapisha kwenye jarida la besiboli mwaka 1908, miaka mingi baada ya tukio. Alisema kwamba kiangazi cha 1863, akiwa na miaka 14, yeye na vijana wenzake walikuwa Brooklyn wakirusha makombe ya chaza. Kombe ni bapa na limejikunja, kwa hiyo likirushwa hukata hewa na kugeuka kulia au kushoto. Akajiuliza kama mpira nao ungeweza kufanywa vivyo hivyo. Wenzake wakamcheka.

Fizikia ya kombe na ya mpira si moja. Kombe hugeuka kwa sababu ya umbo lake, na mpira wa duara hugeuka kwa sababu ya kuzunguka kwake. Kwa hiyo kombe lilimpa swali tu, jibu hakulipata humo. Jibu alilitafuta kwa miaka minne hivi, akijaribu kila namna ya kushika na kila namna ya kuzungusha kifundo cha mkono, bila mwalimu na bila mtu wa kumwiga.

Alifanikiwa lini kwa mara ya kwanza?

Mwaka 1867, akiwa na klabu ya Excelsior ya Brooklyn, katika mechi dhidi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard mjini Cambridge, Massachusetts. Kwa maelezo yake, mpigaji aliyemfungua macho ni Archie Bush, mmoja wa wapigaji hodari wa Harvard. Bush alipeleka gongo kwa nguvu pale mpira ulipoonekana kwenda, na mpira ukamkwepa. Cummings akaanza kuutazama kila mpira alioutoa mkononi, akaona kwa macho yake unavyokata. Hakumwambia mtu. Aliificha siri hiyo kadiri alivyoweza, maana alijua vizuri kwamba mpigaji akishaelezwa mpira unakwenda wapi, nusu ya kazi ya mrushaji imeharibika.

Sheria za wakati ule zilimbana vipi?

Bila kuelewa sheria hizi mtu hataona ugumu wa alichokifanya.

Mrushaji alisimama futi 45 (mita 13.7) kutoka kwa mpigaji. Umbali uliongezwa hadi futi 50 mwaka 1881, na futi 60 na inchi 6 (mita 18.4), unaotumika hadi leo, ulikuja 1893. Mpira ulitolewa kutoka chini: mkono ulining'inia kando ya mwili na kupita chini ya nyonga. Kurusha kutoka juu ya bega, kama tunavyoona leo, hakukuruhusiwa katika Ligi ya Taifa, ligi kuu ya kulipwa iliyoanza 1876, hadi 1884.

Zaidi ya hapo, katika miaka aliyokuwa akijifunza, sheria zilikataza kuudokoa mpira, yaani kuutoa kwa mpigo wa ghafla wa kiwiko au kifundo. Mkono ulitakiwa kuwa umenyooka, na Cummings alieleza kwamba miguu yote miwili ilipaswa kubaki chini mpaka mpira umeshatoka. Sasa fikiria: msokoto unatoka kwenye kifundo, na sheria inakutaka kifundo kitulie. Alilazimika kufanya mzunguko wote katika sehemu ndogo sana ya mwendo, karibu na nyonga, bila kuusaidia kwa hatua ya mguu wala kwa uzito wa mwili. Mwaka 1872 sheria ililegezwa, mpigo wa kifundo ukakubaliwa mradi mkono upite chini ya nyonga. Ndio mwaka alioingia besiboli ya kulipwa.

Kulikuwa pia na jambo linalowashangaza wengi. Tangu 1871 mpigaji alikuwa na haki ya kuagiza mpira wa juu au wa chini, na mrushaji alipaswa kumpa alichoagiza. Sheria hiyo ilidumu hadi kabla ya msimu wa 1887. Yaani mpigaji alijua kimo cha mpira kabla haujatoka mkononi. Kilichobaki cha kumficha ni kasi na upande, na mpindo wa Cummings ulikuwa wa upande hasa.

Aliurushaje hasa?

Aliukamata mpira kwa ncha za vidole na kuubana kwa nguvu nyingi, tofauti na warushaji waliouweka kiganjani. Mkono ulishuka, ukapita karibu na nyonga, na wakati wa kuuachia akakigeuza kifundo kwa mpigo mmoja mkali, vidole vikiukwangua mpira upande. Kwa mrushaji wa mkono wa kulia, mpira huo humkimbia mpigaji anayesimama upande wa kulia: unaanza kama unakwenda katikati, kisha unatoka nje ya ncha ya gongo.

Gharama yake ilikuwa mwilini. Mfupa wa kifundo ulimtoka mahali pake kwa sababu ya mpigo ule, akalazimika kuvaa kishikizo cha mpira wa kunyumbuka msimu mzima. Jeraha la namna hiyo linatokana moja kwa moja na sheria tulizotaja. Mrushaji wa leo hugawa nguvu kati ya mguu, kiuno, bega na kiwiko, ilhali yeye alizirundika zote kwenye kiungo kimoja kidogo.

Mpira wa duara unapindaje hewani?

Mpira unaozunguka huburuta hewa inayougusa. Upande mmoja uso wa mpira unakwenda sambamba na hewa inayopita, upande mwingine unapingana nayo. Hewa inaachana na mpira mapema upande mmoja na kuchelewa upande wa pili, kwa hiyo mkia wa hewa nyuma ya mpira unasukumwa pembeni, na mpira nao unasukumwa upande wa kinyume. Kanuni ya haraka ya kukumbuka: mpira hukata kuelekea kule unakozungukia uso wake wa mbele. Uso wa mbele ukizungukia kushoto, mpira unakwenda kushoto. Ukizungukia chini, mpira unazama. Jambo hili limepewa jina la mwanafizikia Mjerumani, Gustav Magnus, aliyelichunguza mwaka 1852, miaka 15 kabla ya mechi ya Harvard. Ni nguvu ileile inayoupeleka mpira wa kona golini moja kwa moja mchezaji wa soka akiupiga kwa ubavu wa kiatu.

Nyuzi za mshono zilizoinuka kwenye ngozi husaidia sana, maana zinaishika hewa. Uzito wa mpira wa 1872 ulikuwa aunsi 5 hadi 5 na robo (gramu 142 hadi 149) na mzingo wa inchi 9 hadi 9 na robo, vipimo ambavyo havijabadilika hadi leo.

Kuna jambo moja ambalo wapigaji wanalijua kwa uchungu: mpira unaonekana kupinda "ghafla" mwishoni. Hakuna ughafla wowote. Nguvu ya pembeni inausukuma mpira njia nzima, lakini umbali wa kukengeuka hukua kwa mraba wa muda. Mpira ukifika nusu ya safari umekengeuka robo tu ya jumla, na robo tatu zilizobaki zinatokea katika nusu ya pili, mpigaji akiwa tayari ameshaamua. Mpira wa kilomita 100 kwa saa kutoka futi 45 unafika kwa takriban nusu sekunde.

Je, upepo ulikuwa na athari?

Ndiyo, na Cummings aliligundua bila fizikia ya darasani. Alieleza kwamba upepo ukimpiga usoni mpindo ulikuwa mkubwa sana, lakini shida ni kwamba mara nyingine mpira ulikata ukiwa umeshampita mpigaji. Maelezo yanakubaliana na kanuni: nguvu ya pembeni hutegemea kasi ya mpira dhidi ya hewa, si dhidi ya ardhi. Upepo wa mbele huongeza kasi hiyo na pia hupunguza mwendo wa mpira, kwa hiyo unapata muda zaidi wa kukengeuka. Upepo wa nyuma hufanya kinyume. Mrushaji anayesogeza shabaha yake kulingana na upepo anafanya alichokifanya Cummings kwa kujaribu na kukosea.

Hakuna waliosema ni kiini macho?

Walikuwepo, tena wengi, na hoja hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Mjini Cincinnati mwaka 1877 lilifanyika jaribio la hadharani. Vizuizi vilisimamishwa kwenye mstari mmoja, kisha mrushaji akatakiwa kuupitisha mpira upande mmoja wa kizuizi cha kwanza na upande wa pili wa kingine. Tommy Bond, aliyecheza na Cummings huko Hartford, alikuwa mmoja wa walioufanya mtupo huo. Baadaye sana, mwaka 1959, Lyman Briggs wa Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani alipima mipira inayozunguka ndani ya handaki la upepo, akapata kwamba mpira unaweza kukengeuka hadi inchi 17 na nusu (sentimita 44) katika safari ya futi 60. Hapo mjadala ulikuwa umekwisha kwa mtu yeyote anayekubali vipimo.

Mdakaji aliukamata vipi bila glavu?

Kwa mikono mitupu, na hili halipewi heshima inayostahili. Barakoa ya mdakaji ilibuniwa na Fred Thayer wa Harvard katikati ya miaka ya 1870, na glavu nene zilikuja baadaye zaidi. Wadakaji wengi walisimama mbali nyuma, wakausubiri mpira ugonge chini na kuruka mara moja. Lakini mpindo ukigonga chini ukiwa bado na msokoto, haurukii unapotarajiwa. Alihitajika mtu wa kusimama karibu kabisa na mpigaji na kuukamata ukiwa hewani.

Nat Hicks alikuwa mtu huyo. Alikuwa mdakaji wa Cummings Brooklyn katika klabu ya Star, kisha New York, Philadelphia na hatimaye Cincinnati. Alisimama karibu bila barakoa, akaumizwa uso na vidole mara kwa mara, na akarudi. Mtupo mpya hauna thamani kama hakuna anayeweza kuudaka, maana mpira unaomponyoka mdakaji unawapa wapinzani besi za bure. Kwa maoni yetu Hicks ana sehemu kubwa katika mafanikio ya mpindo kuliko vitabu vinavyokubali.

Rekodi yake msimu kwa msimu ni ipi?

Mwaka 1872, New York Mutuals: ushindi 33, kushindwa 20, iningi 497.
Mwaka 1873, Baltimore: 28 kwa 14.
Mwaka 1874, Philadelphia: 28 kwa 26.
Mwaka 1875, Hartford: 35 kwa 12.
Mwaka 1876, Hartford: 16 kwa 8.
Mwaka 1877, Cincinnati: 5 kwa 14.

Misimu minne ya kwanza ni ya Chama cha Taifa, kilichoanzishwa New York Machi 1871. Miwili ya mwisho ni ya Ligi ya Taifa, iliyoanzishwa Februari 1876 na ambayo ipo hadi leo. Jumla ni 145 kwa 94. Katika Ligi ya Taifa peke yake ni 21 kwa 22. Ndiyo maana vitabu viwili vinaweza kutoa idadi tofauti kabisa na vyote viwe sahihi. Mamlaka za besiboli hazikihesabu Chama cha Taifa kuwa ligi kuu rasmi, kwa hiyo kitabu kinachofuata msimamo huo kitakuonyesha ushindi 21 tu. Angalia kwanza kimehesabu ligi zipi.

Namba hizo zisomwe vipi? Iningi 497 kwa msimu haziaminiki.

Zinaaminika. Klabu ilikuwa na mrushaji mmoja. Mutuals ya 1872 ilicheza mechi 56 na Cummings akaanza 55 kati ya hizo, 53 akizimaliza mwenyewe. Ushindi 33 alioupata ni karibu wote wa klabu. Mechi zilikuwa chache kwa wiki, na mkono unaorusha kutoka chini huchoka polepole kuliko wa juu ya bega. Kosa la kwanza ni kumlinganisha na mrushaji wa leo anayepumzika siku nne.

Kosa la pili ni kutazama wastani wa mikimbio ya kulaumiwa mrushaji. Wa Cummings mwaka 1875 ni 1.60 kwa iningi 9, kiwango ambacho leo kingekuwa cha ajabu. Lakini wastani huo unaacha nje mikimbio iliyotokana na makosa ya walinzi, na walinzi wasio na glavu, kwenye nyasi zenye mabonde, walikosea mara nyingi mno. Mikimbio mingi ya enzi ile haimo kwenye wastani. Namba hiyo inafaa kumlinganisha na warushaji wa mwaka uleule tu.

Kosa la tatu ni kutafuta idadi kubwa ya wapigaji waliotolewa kwa straiki tatu, yaani kwa kushindwa kupiga mipira mitatu halali. Hutaikuta. Mpindo wake haukulenga gongo likose kabisa. Ulilenga liguse mpira kwa ncha au kwa ukingo, ili utoke mpira hafifu unaodakwa kirahisi.

Mbona alibadili klabu karibu kila mwaka?

Hakukuwa na kilichomzuia. Mikataba ilikuwa ya msimu mmoja, na kanuni iliyowafunga wachezaji kwa klabu zao ilianza tu mwishoni mwa 1879. Kujiunga na Chama cha Taifa kuliigharimu klabu dola 10, kwa hiyo klabu ziliibuka na kufa kila mwaka, na mchezaji mwenye akili alifuata klabu yenye uhakika wa kulipa. Wengi walihama kama yeye. Boston ndiyo iliyoweza kuwashikilia watu wake, na ikachukua ubingwa miaka minne mfululizo, 1872 hadi 1875, ikiwa na Al Spalding kama mrushaji. Cummings alikuwa hodari, lakini hakuwahi kuvaa jezi ya mabingwa.

Nini kilitokea tarehe 9 Septemba 1876?

Alirusha mechi mbili kamili siku moja dhidi ya Cincinnati na kushinda zote, 14 kwa 4 na 8 kwa 4. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika Ligi ya Taifa kabla yake.

Mazingira yake yana uzito kuliko ushindi wenyewe. Mwaka huo Cummings hakuwa tena mrushaji wa kwanza wa Hartford. Nafasi hiyo alikuwa ameishika Tommy Bond, kijana aliyeajiriwa 1875 kama msaidizi, ambaye alijifunza mpindo kutoka kwa Cummings mwenyewe na akaurusha kwa kasi kubwa zaidi. Bond alishinda mechi 31 mwaka 1876. Kisha akagombana na nahodha wa timu, Bob Ferguson, kwa kumtuhumu kuuza mechi, na akasimamishwa. Cummings, aliyekuwa amekaa benchi sehemu kubwa ya msimu, ndiye aliyebaki kuumalizia.

Kwa nini kazi yake iliisha mapema hivyo?

Sababu zilikuwa kadhaa na zilimjia pamoja. Siri ilitoka: kufikia 1876 warushaji wengine waliurusha mpindo, na wapigaji waliouona kila wiki walijifunza kusubiri. Silaha inayowaduwaza watu kwa sababu ni mpya hupoteza makali kila inapotumika. Walioiga walikuwa na miili mikubwa, wakachanganya mpindo na kasi ambayo kilo 54 hazikuweza kuitoa. Kifundo kilikuwa kimeshaumia. Na zaidi ya iningi 2,000 zilikuwa zimepita kwenye mkono mmoja.

Mwaka 1877 alianza na klabu ya Live Oaks ya Lynn, Massachusetts, katika Chama cha Kimataifa, chombo kipya kilichoshindana na Ligi ya Taifa. Alikuwa pia rais wa kwanza wa chama hicho, huku akiendelea kucheza. Katikati ya mwaka aliiacha Lynn akaenda Cincinnati, klabu iliyomaliza mkiani. Ushindi 5, kushindwa 14, na hapo ligi kuu ikawa imekwisha kwake.

Vipi kuhusu Fred Goldsmith na wengine wanaodai ndio waliobuni mpindo?

Goldsmith ndiye mpinzani anayetajwa zaidi. Wanaomtetea hutaja onyesho alilofanya Brooklyn, kwenye uwanja wa Capitoline, mwaka 1870. Hata tukilikubali onyesho hilo kama lilivyoelezwa, ni miaka mitatu baada ya mechi ya Harvard, na Goldsmith, aliyezaliwa 1856, alikuwa mtoto wa miaka 11 wakati wa mechi ile.

Hoja nzito zaidi ni ya waliomtangulia. Jim Creighton wa Brooklyn, aliyefariki 1862 akiwa na miaka 21, alijulikana kwa kuupa mpira msokoto na kasi. Phonney Martin na Bobby Mathews nao wametajwa. Msokoto ulikuwepo kabla ya Cummings, na yamkini mipira kadhaa ilikata kona bila mrushaji kujua sababu. Tunachompa Cummings ni hiki: aliutafuta kwa makusudi, akajua anafanya nini, akaweza kuurudia kila alipotaka. Henry Chadwick, mwandishi wa besiboli aliyeheshimiwa kuliko wote wakati ule, alimtambua hivyo, na hatuoni sababu nzuri ya kupindua hukumu yake.

Ni kweli bamba lake la Cooperstown lina makosa?

Ni kweli. Aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Besiboli, lililoko Cooperstown, mwaka 1939, pamoja na Spalding, Cap Anson, Charles Comiskey, Buck Ewing na Charley Radbourn. Bamba linasema alibuni mpindo mwaka 1867 akiwa na Stars ya Brooklyn, na kwamba alimalizia kazi yake Hartford mwaka 1876. Mwaka 1867 alikuwa Excelsior. Stars alikwenda baadaye, kabla ya kuingia besiboli ya kulipwa. Na kazi ilimalizikia Cincinnati mwaka 1877. Linaiita pia kazi hiyo ndefu, wakati ilikuwa fupi. Ukiandika makala, usinakili bamba.

Alifanya nini baada ya besiboli?

Alirudi Massachusetts akafungua duka la rangi na karatasi za ukutani mjini Athol, na akaliendesha kwa miongo kadhaa. Alifariki Toledo, Ohio, tarehe 16 Mei 1924, akiwa na miaka 75, akazikwa Ware.

Naweza kuujaribu mtupo wake mwenyewe?

Unaweza. Tumia mpira wa tenisi kwanza. Ni mwepesi na una manyoya, kwa hiyo hupinda zaidi kuliko wa besiboli na hauumizi. Pima mita 13.7 na umweke mwenzako upande wa pili.

Kwa mkono wa kulia: shika mpira kwa ncha za kidole cha shahada na cha kati upande wa nje, gumba upande wa ndani, kiganja kikiwa hakigusi mpira. Acha mkono uning'inie, kiganja kikitazama paja. Upeleke nyuma, kisha mbele ukipita karibu na nyonga. Wakati wa kuuachia, vidole viukwangue upande wa nje wa mpira kuelekea mbele na kukata kushoto. Gumba liachie mapema. Ukiutazama kutoka juu, mpira unapaswa kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, nao utakata kushoto.

Ukienda moja kwa moja ingawa unazunguka, mhimili wa mzunguko umelala kwenye njia ya mpira na uso wa mbele hauzungukii upande wowote. Kosa ni kukisokota kifundo kama mtu anayefungua kitasa, badala ya kukipeleka pembeni. Ukielea juu bila kwenda kando, kiganja kilikuwa kimetazama juu. Ukikata kulia, gumba ndilo lililoachia mwisho. Chora mstari wa kalamu kuuzunguka mpira ili mwenzako aone mhimili umekaa wapi.

Jaribu siku yenye upepo mdogo wa usoni, usirushe kwa nguvu zote, na uache mara kifundo kinapoanza kuuma upande wa kidole kidogo. Kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, makocha wengi wanashauri ajifunze kwanza kulenga na kubadili kasi, mpindo uje baadaye na kwa idadi ndogo ya mipira kwa siku.